Je, muziki niliomtungia mama unamwadhibu kaburini?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mama yangu amefariki. Mimi nimesomea muziki, na tangu msiba natunga kipande cha okestra cha kumkumbuka: fidla, chelo na filimbi, hakina maneno hata moja. Ada ya masomo yangu aliilipa yeye, na alipenda kunisikia nikipiga. Sasa mtu ninayemheshimu ameniambia kila ninapoandika noti, mama anaadhibiwa kaburini. Silali. Je, ni kweli?

JIBU: Wa alaykumu salaam, binti yangu. Allah amrehemu mama yako na amkunjulie kaburi lake. Nimelitanguliza swali lako kwa sababu kinachokunyima usingizi si dini, ni maneno ya mtu.

Hukumu ya ala nitaisema kwa ufupi. Wanazuoni wengi wa madhehebu manne wameharamisha ala za nyuzi na za kupuliza, wakitegemea hadithi iliyo katika Sahihi ya Bukhari inayowataja watu watakaohalalisha zinaa, hariri, ulevi na ala za muziki. Mwanazuoni Ibn Hazm aliikataa akidai sanadi yake, yaani mnyororo wa wapokezi wake, imekatika. Mwanazuoni mwingine, Ibn Hajar, akaja akaiunganisha kwa njia nyingine. Mimi niko pamoja na hao wengi, kwa hiyo siwezi kukwambia endelea. Wala hoja ya kwamba kipande hakina maneno haikusaidii, maana hadithi imezitaja ala zenyewe.

Ama hilo la mama kuadhibiwa, aliyelisema amejitwika jambo zito. Nadhani ameitegemea hadithi ya Umar na mwanawe Abdullah, kwamba maiti huadhibiwa kwa kuliliwa na jamaa zake. Hadithi ni sahihi. Lakini Bi Aisha (R.A.) ilipomfikia hakuichukua hivyo. Alisema Ibn Umar, yaani huyo Abdullah, hakusema uongo, ila amesahau au amekosea: Mtume (S.A.W.) alipita penye maiti ya mwanamke wa Kiyahudi, akasema hawa wanamlilia naye anaadhibiwa. Kisha akawasomea watu aya: "Wala mbebaji habebi mzigo wa mwingine." Na hata walioikubali hadithi kwa udhahiri wake hawakuiacha bila mipaka. Bukhari ameiwekea mlango wenye sharti: ikiwa kuomboleza ndio uliokuwa mwendo wa marehemu. Mwanazuoni An-Nawawi ameeleza kuwa wengi wameifasiri kwa aliyeusia aliliwe, na kwamba kilio kinachokusudiwa ni cha mayowe, si machozi.

Sasa mwenzetu anaichukua hadithi ya mayowe, anaihamishia kwenye karatasi ya noti, kisha anatoa habari za kaburini! Adhabu ya kaburi ni katika mambo ya ghaibu, na ghaibu haifanyiwi kiasi, yaani haipimwi kwa kulinganisha jambo na jambo. Ukikosea, kosa ni lako na toba ni yako. Marehemu hakukuusia umtungie muziki.

Najua atarudi na lile la ada aliyokulipia mama yako: kwamba aliyeanzisha mwenendo mbaya hubeba dhambi za wanaoufuata. Hadithi hiyo nayo ni sahihi, imo katika Sahihi ya Muslim, na sitaificha. Lakini nani amemfunulia kwamba mama yako hakusamehewa? Huenda alifuata kauli ya wanaoruhusu. Huenda alitubu kwa jambo usilolijua. Mizani iko kwa Allah, na anayeisoma kwa niaba Yake mbele ya mfiwa amekosa elimu na amekosa huruma pia. Na kama unahofia chochote juu yake, dawa unayo: imepokewa kwamba mtu hupandishwa daraja Peponi, akauliza hii imetoka wapi, akaambiwa, ni kwa mwanao kukuombea msamaha.

Kulia, lia. Mtume alimlilia mwanawe Ibrahim, akasema jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Nawe ukitaka kutunga, tunga marthia, yaani mashairi ya maombolezo. Mshairi Hassan bin Thabit alimwombolezea Mtume kwa mashairi na Masahaba hawakumkataza. Aliyezoea kupanga sauti thelathini hatashindwa na vina. Ila usimsifu mama yako kwa asiyokuwa nayo.

Karatasi ulizokwisha kuziandika, ziweke kando. Sikuamuru uzichane leo. Uamuzi wa mtu aliyefiwa haufai kukatwa kwa hasira.

Anza na madeni yake, kama yapo. Kisha sadaka: Saad bin Ubada alimuuliza Mtume kama itamfaa mama yake aliyekufa yeye Saad akiwa hayupo, akajibiwa ndiyo, akatoa shamba lake. Toa kiasi unachokiweza, hata kama ni kidogo. Halafu watafute marafiki zake. Katika wema ulio bora, amesema Mtume, ni mtu kuwaunga wale aliowapenda mzazi wake. Wapo wanaomkumbuka kuliko unavyodhani, na baadhi yao wanangoja uwapigie simu.

Wallahu aalam.