Uholanzi kwa baiskeli na posho ya mwanafunzi

Kwa ninyi mliotua Delft, Wageningen au Enschede mwaka huu: posho ikishalipa chumba na bima, mtadhani hakuna kinachobaki cha kutembelea. Kipo, ila usianze kupanga safari kwa kuangalia miji kwenye ramani. Anza na upepo, halafu mahali pa kulala. Upepo unamaliza nguvu, malazi yanamaliza pesa. Njia yenyewe haikudai hata senti.

Huku upepo mwingi hutoka kusini-magharibi, na nchi ni tambarare, hakuna kilima cha kukukinga. Wageni wengi hutoka Delft wakafuata pwani kwenda Zeeland, mkoa wa kusini-magharibi, wakashinda wanapambana na upepo wa usoni. Fanya kinyume. Panda treni na baiskeli yako mpaka Vlissingen, reli inapoishia, kisha rudi ukisukumwa mgongoni. Baiskeli ina tiketi yake ya siku, mbali na yako. Siku za kazi kwa kawaida haipandi treni kati ya saa 12:30 na saa 3:00 asubuhi, wala kati ya saa 10:00 na saa 12:30 jioni. Tafuta mlango wenye picha ya baiskeli. Pakijaa, subiri treni inayofuata, usibishane na kondakta. Jioni ya kuamkia safari angalia utabiri tena. Ukiona upepo umegeuka kaskazini-mashariki, jambo la kawaida mwezi wa nne na wa tano, geuza na wewe: anzia Den Helder, kaskazini kabisa mwa pwani, uteremke kusini.

Kutoka Vlissingen utapita Westkapelle na Domburg, kisha utafika Oosterscheldekering, ukuta wa kuzuia bahari. Hapo shuka kwenye baiskeli. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 bahari ilivunja kingo za eneo hili, watu 1,836 wakafa. Ukuta huu wa kilomita 9 hivi, uliozinduliwa 1986, ni sehemu ya jibu la Waholanzi. Una milango 62 ya chuma, na kwa kawaida yote huachwa wazi ili maji yapwe na kujaa, chaza na kome waendelee kuishi ndani. Hufungwa dhoruba inapotishia. Simama juu yake maji yakiwa yanapwa, uone yanavyochemka kati ya nguzo. Kwenu mnaosoma uhandisi wa maji, hili ni somo la bure, na kwangu mimi linazidi jumba lolote la makumbusho la Amsterdam ambalo tiketi yake ingekulisha siku mbili.

Baada ya hapo ni mabwawa mawili, Brouwersdam na Haringvlietdam, kisha Rotterdam. Ukitokea upande wa kusini wa mto unaoukata mji huo, vuka kwa Maastunnel. Njia ya baiskeli iko chini ya mto tangu 1942, na unaishukia kwa ngazi za umeme za mbao, wewe na baiskeli yako. Shika breki ya mkono kwa nguvu, usiache mzigo ukuvute. Kutoka Vlissingen mpaka hapo tenga siku mbili, tatu kama hujazoea.

Sasa kulala. Hoteli za pwani wakati wa kiangazi waachie wenye nazo. Mashamba mengi ya Walcheren, eneo la Vlissingen na Domburg, yana kambi ndogo, wenyewe wanaziita minicamping: unapewa kipande cha majani, choo na bafu, na aliyekuja na baiskeli na hema dogo mara nyingi hakosi kona. Asiye na hema ajiunge na Vrienden op de Fiets. Unalipa ada ya mwaka, kisha familia mbalimbali nchini zinakukaribisha kwa bei nafuu, kitanda na kifungua kinywa, mradi umefika kwa baiskeli au kwa miguu. Piga simu mapema. Na ukisema utafika saa 12, fika saa 12. Mwenyeji wako chakula chake cha jioni hakimngoji mtu. Kupiga hema popote, hata kwenye vilima vya mchanga ufukweni, ni marufuku na kuna faini.

Chakula ni rahisi. Mkate, jibini na ndizi za dukani. Maji ya bomba ni salama, jaza chupa yako. Makopo na chupa za plastiki za vinywaji zina amana, senti 15 au 25, rudisha kwenye mashine ya supamaketi.

Baiskeli usinunue ya bei ya kutupa kutoka kwa mtu wa mtaani. Mara nyingi ni ya wizi, na kuinunua ni kosa. Nyingi za mitumba hazina breki ya nyuma ya mkono, unasimama kwa kurudisha pedali. Aliyezoea Phoenix ajizoeze kwanza kwenye kichochoro. Beba pampu, viraka na minyororo ya kufungia. Taa za mbele na nyuma ni lazima gizani, na tangu 2019 kushika simu huku unaendesha ni kosa. Kwa hiyo fuata namba za vibao vya njia panda, ziitwazo knooppunten: ziandike kwa mpangilio kwenye kikaratasi, ukibandike kwenye usukani. Pembetatu nyeupe zilizochorwa barabarani ncha zake zikikuelekea, mpishe mwenzako. Huku hawapigi honi sana, wanakutazama tu.

Ukibaki na siku na nguvu, toka Rotterdam mpaka Hoek van Holland, pwani, kisha endelea kaskazini. Utapita Zandmotor, lundo la mchanga lililomwagwa 2011 ili mawimbi yenyewe yausambaze pwani, kisha Scheveningen, na vilima vya mchanga vya Meijendel ambamo maji ya kunywa ya Den Haag (The Hague) huchujwa. Pita Noordwijk mpaka Zandvoort kwa njia ya pwani, maana Amsterdamse Waterleidingduinen, hifadhi ya vilima vya mchanga, ingawa kwenye ramani inaonekana njia ya mkato, haikubali baiskeli. Haarlem iko karibu na Zandvoort, na treni za kurudi Delft zinapita hapo.