Mahitaji maalumu ni yapi hayo?

SWALI: Kwenye kikao cha kamati ya shule tulibishana: tuseme elimu jumuishi au elimu shirikishi? Na je, ni sawa kuandika "wanafunzi wenye mahitaji maalumu"? Mwalimu, Dodoma.

JIBU: Semeni elimu jumuishi. Ndilo jina la Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi, na maana inakaa sawa: kujumuisha ni kuwaweka wote pamoja. "Shirikishi" ibaki kwenye mbinu za kufundishia. Darasa laweza kufundishwa kwa mbinu shirikishi huku mtoto mwenye kiti mwendo kaachwa uani.

Hilo la pili ndilo linalonichoma. "Maalumu" tumelitoa katika Kiarabu, ambako maana yake ni kinachojulikana. Leo tunalitumia kufichia mambo. Niliwahi kusoma barua ya shule moja: "Tuna wanafunzi 6 wenye mahitaji maalumu." Mahitaji gani, jamani? Asiyeona anataka vitabu vya nukta nundu. Kiziwi anataka mwalimu anayejua lugha ya alama. Mwenye ualbino anataka maandishi makubwa na kiti kisichopigwa jua. Aliyeipokea barua ile apeleke nini?

Na huyo wa kiti mwendo anahitaji kuingia darasani. Hilo nalo ni maalumu? Wenzake hawahitaji kuingia? Darasa limeinuliwa juu ya msingi, wao wakajengewa ngazi, na sijasikia mtu akiziita ngazi huduma maalumu. Fundi angezisahau, wangekwama wote pale chini, na siku hiyohiyo wazazi wangekuja juu. Aliposahau mteremko wa zege, tukasema mtoto ndiye mwenye mahitaji. Kosa ni la jengo, sentensi yetu inamtwisha mtoto!

"Mtoto maalumu" linanikera zaidi, ingawa mzazi aliyechoshwa na majina ya matusi simlaumu akilikimbilia. Ila mwenye kuandika sera au bajeti hana udhuru. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, inasema waziwazi "watu wenye ulemavu". Viziwi nao wana chama chao, na jina lake ni Chama cha Viziwi Tanzania.

Basi kwenye muhtasari wa kikao chenu futeni "mahitaji maalumu", muandike, kwa mfano: wawili hawaoni, mmoja ni kiziwi, mmoja anatumia kiti mwendo na darasa lake halina mteremko.