Wakubwa wanalipwa, wapishi wanadai

SUALI: Asalam alaykum shangazi. Mdogo wangu yuko Birmingham, Uingereza, anasema baraza la jiji lao limefilisika kwa madai ya mishahara ya wanawake na wakubwa bado wanavuta mapesa. Inakuaje? (Msomaji, Wete)

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Kufilisika khasa sio, Septemba 2023 baraza lilitangaza linasimamisha matumizi mapya yote isipokuwa huduma za lazima, na deni lenyewe ni la zamani: wapishi, wasafishaji na walezi, wengi wanawake, walinyimwa bonasi walizokuwa wanapewa wanaume wa kuzoa taka, na kazi zina thamani sawa! Wakenda kotini, wakashinda 2012, baraza likalipa zaidi ya pauni bilioni 1 na bado madai yakabaki.

Mishahara ya wakubwa haikuleta deni lile, tusiwasingizie, lakini inauma wallahi, mpishi anasubiri haki yake miaka na bosi wake hakosi hata mwezi mmoja. Angalau sheria ya 2011 inalazimisha mabaraza ya kule yatangaze kila mwaka sera ya mishahara ya wakubwa.

Hapa kwetu Zanzibar, Sheria ya Ajira ya 2005 inakataza ubaguzi kazini, basi weka slipu zako za mshahara, usizifungie vitumbua.