Usichangie kiyoyozi cha pili bado

Mkuu, umesema seva zako tatu (zile kompyuta kubwa za kuhudumia nyingine) kwenye chumba cha seva mnachopanga na wenzako hapo Mwanza mjini zinajizima mchana, na mwenye chumba anataka wapangaji mchangie kiyoyozi cha pili. Shikilia hela yako kwanza.

Tafuta kipimajoto, upime mbele ya seva, upande zinakovuta hewa: chini, katikati na juu ya raki, yaani fremu inayobeba seva. Hapo mbele panatakiwa nyuzi 18 hadi 27. Joto la nyuma lisikutishe. Ukikuta chini 22 na juu 33, ujue baridi ipo, ila hewa ya moto inarudi mbele kupitia nafasi tupu za raki. Zizibe kwa vibao vya bati. Maboksi hapana, yanashika moto. Mtazame na jirani: kama feni zake zinapulizia usoni mwa seva zako, hata viyoyozi vitano havitakusaidia. Mwombe ageuze, kwa upole, maana mtaishi naye.

Wale wadudu wa ziwani wakija usiku kufuata taa, asubuhi kagua sehemu ya nje ya kiyoyozi. Wakijazana kwenye mapezi yake, vile vibati vyembamba vya kutolea joto, hakipoozi.

Halafu uliza: umeme ukikatika, jenereta inabeba kiyoyozi au seva tu? Mimi niliwahi kuuliza nikiwa nimeshachelewa.

Kuhusu seva pepe, yaani zile za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya seva zako, memori (RAM) zinayotumia kwa jumla isizidi theluthi mbili ya uliyonayo, ili seva moja ikizima mbili zibebe mzigo wake.