Mwenzetu kajifungua, hasemi, na ufunguo wa sanduku uko kwake

SWALI: Habari ya siku musawo (daktari). Mi nauza mukene, hawa dagaa, hapa sokoni Busia, upande wetu wa Uganda. Tuko na kikundi cha seving, wamama 22, tunakutana kila Alhamisi jioni nyuma ya vibanda vya nyanya. Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, mmoja ni huyu mwenzetu aliyejifungua, mtoto wake sasa ana miezi mitatu. Alikosa mara ya kwanza tukasema ni uzazi, ya pili vilevile, ya tatu tukamfuata nyumbani manake sanduku halifunguki. Tukamkuta amekaa kwa mkeka, mtoto analia pale na yeye anaangalia ukuta, akatuambia tu "chukueni, mimi sifai kitu". Mama mkwe wake anasema ni amakiro, ati alitoka nje akiwa na mimba. Wengine wanataka apelekwe Butabika, ile hospitali ya wagonjwa wa akili kule Kampala. Sisi hatujasoma, tunaweza kumsaidia ama tutamharibu zaidi?
*Mama Mukene, Busia*

JIBU: Mama Mukene, mlishaanza kumsaidia siku ile mlipomfuata, hata kama mlifuata ufunguo (hapo nimecheka kidogo, nisamehe).

Hilo la amakiro tulimalize kwanza. Jina ni la zamani kwa Waganda na ugonjwa wenyewe upo kweli, mama anazaa halafu anabadilika, ila hiyo habari ya kutoka nje ya ndoa mimi siikubali hata kidogo, ni kumtwisha mgonjwa mzigo juu ya mzigo. Kuna daktari Mwingereza, John Cox, alifanya kazi hapa kwetu miaka ya 1970, alifuatilia wamama wajawazito kule Kasangati na akaichunguza hata hii amakiro, na mwaka 1987 yeye na wenzake wakatoa yale maswali 10 ya Edinburgh ambayo sasa yanatumika nchi nyingi kutafuta depresheni, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, kwa mama aliyejifungua. Yanauliza siku 7 zilizopita: umeweza kucheka? umejilaumu bure? umekosa usingizi sababu ya huzuni? La mwisho linauliza kama umepata wazo la kujidhuru, na msiogope kuliuliza, kuuliza hakumpi mtu wazo. Hiyo "sifai kitu" yake ni dalili kama vile homa ni dalili. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema nchi kama zetu karibu mama 1 kati ya 5 anapata shida ya akili baada ya kuzaa, nyie mko 22, piga hesabu mwenyewe.

Sasa hilo la hatujasoma. Mwaka 2002 kule Rakai na Masaka ilifanyika utafiti kwa vijiji 30, vingine vikapewa vikundi vya maongezi, saa moja na nusu kila wiki kwa wiki 16, na walioongoza hawakuwa madaktari, ni watu wa huko huko waliofundishwa muda mfupi tu, na depresheni ilishuka sana kuliko kwenye vijiji ambavyo havikupewa. Walichokuwa wanafanya ni kutafuta huzuni ilianzia wapi: kuna msiba? kuna ugomvi na mtu? maisha yamegeuka ghafla? ama mtu yuko peke yake tu? Halafu kikundi kinamsaidia kufikiri wiki hii afanye nini, wiki ijayo anarudi kusema imekwendaje. Nyie siku mnayo, saa mnayo na watu ni walewale, kwa hiyo kabla ya kuhesabu pesa tengeni nusu saa ya maongezi, na linalosemwa nyuma ya nyanya libaki nyuma ya nyanya.

Mmoja aende kumchukua, mwingine ambebee mtoto. Usingizi kwanza jamani, mtu ambaye hajalala hasikii ushauri, mpangiane zamu za kumshikia mtoto saa mbili mbili alale. Na yeyote atakayemwambia "jikaze" au "shukuru Mungu, kuna wanaotafuta mtoto hawapati", huyo mmpe kazi ya kuchemsha chai.

Halafu kuna chanjo ya wiki ya 14, kwa mtoto wa miezi mitatu iko hapa karibu. Hii mimi inaniudhi miaka yote: kitoto kinaning'inizwa kwa mizani wiki ya 6, ya 10, ya 14, kadi inaandikwa, mama anaambiwa "mwingine aje", hakuna aliyemwangalia usoni. Nendeni naye, mtoto akishapimwa semeni "na mama naye yuko hivi na hivi". Kama pale hakuna mtu wa mambo ya akili, waombeni barua ya rufaa, VHT wa kijiji chenu, yule mhudumu wa afya wa kujitolea, pia anaweza kuwasindikiza.

Lakini akianza kusikia sauti, au kusema maneno ya ajabu juu ya mtoto, au kusema anataka kufa, hiyo haisubiri Alhamisi, ni hospitali siku hiyo hiyo na asiachwe peke yake na mtoto. Si lazima iwe Butabika, Mbale kuna hospitali ya rufaa ya mkoa na ni karibu nanyi zaidi.

Na ufunguo msimnyang'anye. Najua watu wanataka mkopo wa skul fiizi na wananung'unika. Alhamisi mkamchukue yeye na ufunguo wake, afungue mwenyewe.

SWALI: Mke wangu amezaa siku ya nne leo, analia hata nikimletea chai. Nimemkosea nini?
*Boda, Arua*

JIBU: Hujamkosea mwanangu. Wiki hizi mbili za kwanza wengi wanalia hivyo, inapita yenyewe. Punguza wageni, chukua mtoto usiku akishanyonya, na hiyo chai endelea kuleta. Ikipita wiki mbili bado analia, mpeleke kituo cha afya na uingie naye ndani, usibaki nje kwa pikipiki.