Maswali ya Wasomaji: Korongo la Standley na wenyewe Waarrernte

SWALI: Julai nitakuwa Alice Springs, katikati ya Australia, na mke wangu na watoto wawili. Pasi ya hifadhi za Northern Territory, jimbo la huko, nimeshalipia. Tumeambiwa Standley Chasm, yaani Korongo la Standley, lazima tufike saa sita kamili mchana, la sivyo hatutaona kuta zake zikiwaka kwa jua. Ni kweli? – Msomaji, Melbourne

JIBU: Saa sita kamili ni mapema mno. Saa za Northern Territory zimepangwa kwa longitudo ya nyuzi 142.5 mashariki, na Alice Springs iko karibu na nyuzi 134. Jua linachelewa kwa zaidi ya nusu saa. Julai hufika kilele chake kama saa 6:40. Wengi hufika saa sita, wakaona kivuli, wakageuza. Nyinyi ingieni saa 6:10 mtulie. Ukuta wa magharibi ndio unaowaka kwanza, kutoka juu ukishuka, wekundu wake ukizidi kukolea. Kisha jua hugusa sakafu kwa dakika chache, halafu ni zamu ya ukuta wa mashariki. Kuta zina kimo cha mita 80 hivi na nafasi kati yao ni kama mita 3, kwa hiyo jua halina pa kukaa.

Kutoka mjini ni kilomita 50 hivi za lami, na basi la abiria hakuna. Kutoka maegesho mtatembea kilomita 1.2 kando ya kijito chenye mawe. Watoto wataweza, ila wavae viatu vya kufunga, si ndala. Asubuhi za Julai baridi hufikia kuganda, basi chukueni masweta. Njiani tazameni mitapo, ndugu wa ile ya pwani yetu: ni masalia ya enzi za mvua, imebaki kwa sababu ya kivuli cha majabali. Mbegu zake ni sumu, watoto wasizichezee.

Pasi yenu haitumiki hapa. Ardhi ni ya Waarrernte wa Magharibi, wenyeji wa asili wa hapa, chini ya amana yao ya ardhi, Iwupataka Land Trust, na kiingilio mnalipa kwao. Kilipeni kwa moyo mweupe. Kwao hapa ni mahali patakatifu pa wanawake, na si kila simulizi ni ya mgeni. Mwongozaji akinyamaza, msimdadisi. Msibebe jiwe, wala msipande njia inapoishia.

SWALI: Standley ni nani? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Ida Standley, mwalimu wa kwanza wa Alice Springs, aliyeanza kazi mwaka 1914. Alifundisha pia watoto wa Bungalow, makao ya watoto wenye asili mchanganyiko, ambao serikali iliwatenga na mama zao. Mwaka 1928 walihamishiwa Jay Creek, na ndiyo hiyo Iwupataka ya leo. Wenyewe korongo wanaliita Angkerle Atwatye, na jina hilo lilikuwapo kabla ya mwalimu huyo kuzaliwa.