Spindeli inadanganya kasi

SWALI: Karakana yetu hapa Mikindani inachonga vipuri vya mashine za kubangulia korosho kwa CNC (mashine inayoongozwa na kompyuta) ya mkanda wa V. Puli ya mota ina kipenyo cha mm 60, ya spindeli (mhimili unaozungusha zana ya kukatia) mm 90, na mota ni ya mizunguko 4,500 kwa dakika, hivyo kwenye programu nimeandika kasi ya juu 3,000. Nikiagiza 2,000 kioo kinaonyesha 2,000, ila takometa ya mkononi (kifaa cha kuhesabu mizunguko kwa mwanga) inasoma 1,900. Nikiagiza 500, inasoma 475. Nirekebishe wapi?
Fundi, Mtwara

JIBU: Kwanza usikiamini hicho kioo. Fungua mkanda, agiza 1,000. Spindeli imesimama na kioo bado kinaandika 1,000? Basi kinarudia tu ulichoagiza, au kinasoma mota.

Pima kwenye spindeli yenyewe, zana ikiwa imetolewa. Iache izunguke dakika 10 ipate moto, halafu bandika kipande kimoja tu cha utepe unaong'aa. Sehemu nyingine ipake rangi nyeusi. Vipande viwili vitakupa kasi mara mbili. Takometa ikiganda kwenye 6,000 hata ukibadilisha kasi, zima taa ya tyubu iliyo juu yako: kwa umeme wetu wa hertz 50 humetameta mara 100 kwa sekunde, na kifaa kinahesabu taa.

Vipimo vyako tayari vinasema kitu. 1,900 kwa 2,000 na 475 kwa 500 yote ni asilimia 95, yaani kosa liko kwenye uwiano. Ingekuwa inapungua 30 kila mahali, ungetafuta kwenye draiva (kifaa kinachoendesha mota), marekebisho ya sifuri ya ile ishara ya volti 0 hadi 10 inayoiambia kasi.

Uwiano umekosewa kwa sababu umepima ukingo wa puli. Mkanda wa V hufanya kazi ndani ya mfereji. Tuseme mm 3 chini ya ukingo: vipenyo vinakuwa 54 na 84, na kasi ya juu inashuka hadi karibu 2,893. Ongeza mtelezo mdogo wa kawaida wa mkanda, unafika 2,850. Andika hiyo badala ya 3,000, kisha pima upya kwa 500, 1,000 na 2,000. Kila jozi ya puli ina namba yake. Kwa mkanda wa meno ungehesabu meno tu.

Ila ikisoma sawa bila mzigo na kushuka inapokata, usiguse namba. Tafuta unga mweusi wa mpira na puli yenye moto: mkanda umelegea, au mifereji imeshika kutu mashine ilipokaa ikingoja msimu. Hewa ya bahari haina huruma.

Utobozi wa kawaida huvumilia asilimia 5. Tepu, zana ya kukata nyuzi za skrubu ndani ya tundu, haivumilii: M8 (skrubu ya mm 8) yenye hatua ya mm 1.25 kati ya uzi na uzi kwa kasi 300 inataka mwendo wa mm 375 kwa dakika, na spindeli ikiwa kwenye 285 inataka 356 tu. Hadi ufunge enkoda (kihisio cha mzunguko) kwenye spindeli, tumia kishikio cha tepu chenye springi.